Joe Davis: Mtu aliyeanzisha ubingwa wa dunia wa snuka, nusura aondoke nao

Msikilizaji wetu, ukipita jioni kwenye senta yoyote yenye umeme, ni nadra kukosa meza ya pool. Vijana wameizunguka, mmoja ameinama na fimbo mkononi, mwingine anapaka chaki, na pembeni wapo wanaosubiri zamu huku kila mmoja akijiona kocha. Mchezo huo una kaka yake mkubwa. Anaitwa snuka, na ndiye tunayemtaja kwenye habari za michezo kila mwaka, Aprili na Mei, tunapotangaza matokeo ya ubingwa wa dunia kutoka Sheffield, Uingereza.

Wengi wenu mmetuuliza ubingwa huo ulitoka wapi. Jibu linaanza na mtu mmoja, mtoto wa mchimba makaa ya mawe. Jina lake ni Joe Davis. Alishiriki katika kuanzisha mashindano hayo, akayashinda mara 15, na hakuna aliyewahi kumtoa. Kisha akajitoa mwenyewe, na alipojitoa, mashindano aliyoyajenga kwa mikono yake yakadhoofika hadi yakasimama.

Leo tunasimulia maisha yake, tukilifuata swali hilo: ilikuwaje jambo kubwa namna hiyo likamtegemea mtu mmoja?

Kwanza, snuka ni mchezo gani?

Anayejua pool hatapata shida kuelewa. Meza ya snuka ni kubwa zaidi: urefu wake ni futi 12 na upana futi 6, kwa hiyo mchezaji mfupi wakati mwingine hulazimika kutumia kiegemeo ili fimbo imfikie mpira. Mipira ni 22. Mmoja ni mweupe, ndio unaogongwa kwa fimbo. Myekundu ni 15, kila mmoja una pointi 1. Halafu kuna sita ya rangi: njano pointi 2, kijani 3, kahawia 4, buluu 5, waridi 6 na mweusi 7.

Mchezaji huingiza mwekundu, kisha wa rangi, kisha mwekundu tena. Mwekundu ukizama umezama, lakini wa rangi hurudishwa mezani hadi wekundu wote waishe. Akikosa, anakaa, na mwenzake anainuka. Pointi anazokusanya bila kukosa tutaziita mkupuo. Gemu moja huitwa fremu.

Kwa kawaida, mkupuo wa juu kabisa ni pointi 147. Hesabu yake ni rahisi. Wekundu 15, kila mmoja ukifuatwa na mweusi, ni 8 mara 15, sawa na 120. Ukiongeza mipira sita ya rangi ya mwisho, yenye jumla ya pointi 27, unapata 147. Ishike namba hiyo, tutairudia.

Mchezo huu haukuzaliwa Uingereza. Ulizaliwa India mwaka 1875, katika mji wa Jubbulpore, ambao leo huandikwa Jabalpur, miongoni mwa maofisa wa jeshi la Uingereza waliokuwa wakipitisha muda wakati wa mvua. Anayetajwa kuwa mwanzilishi wake ni ofisa kijana aliyeitwa Neville Chamberlain. Huyu si yule Neville Chamberlain aliyekuja kuwa waziri mkuu. Walifanana majina tu. Mchezo ukasafiri na maofisa hao hadi Uingereza, lakini kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa kitu cha kujifurahisha. Mchezo wa heshima ulikuwa biliadi, unaochezwa kwa mipira mitatu tu kwenye meza ileile.

Mtoto aliyekulia kando ya meza

Joe Davis alizaliwa tarehe 15 Aprili 1901 katika kijiji cha Whitwell, Derbyshire, eneo la migodi ya makaa ya mawe katikati ya Uingereza. Baba yake alikuwa mchimbaji, baadaye akaacha mgodi na kuendesha baa karibu na mji wa Chesterfield. Ndani ya baa hiyo kulikuwa na meza kamili ya biliadi.

Hapo ndipo bahati ya Joe ilipolala. Watoto wengine wa wachimbaji walikua wakijua kwamba siku moja watashuka shimoni kama baba zao. Joe alikua na meza nyumbani. Baba yake alimtafutia mwalimu, Ernest Rudge, aliyekuwa na ukumbi wa biliadi Chesterfield, na kijana akafundishwa kwa utaratibu: jinsi ya kusimama, kushika fimbo na kuupiga mpira mweupe ili usimame pale anapotaka. Akiwa na miaka 12 alipata mkupuo wake wa kwanza wa pointi 100 katika biliadi. Akiwa na miaka 13 alikuwa bingwa wa eneo la Chesterfield. Mwaka 1919, akiwa na miaka 18, akaifanya kuwa kazi.

Alikuwa na kasoro moja ambayo ingemkatisha tamaa mwingine: jicho lake la kulia halikuona vizuri. Wachezaji wengi huweka fimbo chini ya kidevu, katikati ya macho mawili. Joe, ingawa alitumia mkono wa kulia, aliiweka chini ya jicho la kushoto, akalenga kwa jicho moja. Ukitazama picha zake za zamani utaona kichwa kimesogea upande mmoja.

Barua iliyokataliwa

Miaka ya 1920 Joe alikuwa akifanya kazi pia katika kumbi za biliadi. Kazi hiyo ilimfunza kitu ambacho mabingwa wa siku hizo hawakukiona. Wao walicheza mbele ya mashabiki wa biliadi na kuamini kwamba biliadi ndiyo kila kitu. Joe aliona wateja wa kawaida, wale wanaolipia meza baada ya kazi, wakichagua snuka. Snuka ilikuwa na rangi na mabadiliko ya ghafla, na hata mgeni aliweza kuifuata. Biashara ilikuwa inahama, na yeye aliiona ikihama.

Hakuwa peke yake. Mwaka 1924 mchezaji mwenzake, Tom Dennis, mwenye ukumbi mjini Nottingham, aliliandikia baraza lililosimamia biliadi nchini humo akiomba waanzishe mashindano ya snuka kwa wachezaji wa kulipwa. Ombi likakataliwa. Wakubwa wa biliadi hawakuamini kwamba watu wangelipa kiingilio kutazama mchezo huo.

Joe hakuiacha hoja ife. Alishirikiana na Bill Camkin, mfanyabiashara wa kumbi na vifaa vya biliadi wa Birmingham, na mwaka 1926 baraza likakubali. Makubaliano yalikuwa ya tahadhari. Wachezaji walipaswa kulipa ada ya kujiandikisha, na nusu ya ada hizo ikatumika kununua kombe la fedha lenye sanamu ndogo ya msichana mchungaji juu yake. Walijiandikisha watu 10.

Mechi ya kwanza ilianza tarehe 29 Novemba 1926 katika ukumbi wa Thurston's, Leicester Square, jijini London, kati ya Melbourne Inman na Tom Newman. Na hapo utaona jinsi snuka ilivyodharauliwa: ilichezwa pembeni ya mechi yao ya biliadi, kama nyongeza kwa watazamaji.

Fainali ilifanyika Mei 1927 kwenye ukumbi wa Camkin, Birmingham. Joe Davis alimshinda Tom Dennis, yuleyule aliyeandika barua iliyokataliwa, kwa fremu 20 kwa 11. Zawadi ya bingwa ilikuwa pauni 6 na shilingi 10, yaani pauni sita na nusu. Katika miaka ya karibuni bingwa wa dunia hulipwa pauni 500,000.

Miaka ya ukame

Usidhani kwamba baada ya hapo watu walifurika. Mwaka 1931 walijiandikisha wachezaji wawili tu: Joe na Tom Dennis. Ubingwa wa dunia ukawa mechi moja, ikachezwa Nottingham, nyumbani kwa Dennis, na Joe akashinda 25 kwa 21. Mwaka 1932 walikuwa watatu. Mwaka 1934 wakarudi kuwa wawili, Joe na Tom Newman.

Fikiria ligi ya wilaya inayobaki na timu mbili. Wengi wangefunga daftari. Joe aliendelea kujiandikisha na kucheza, na kila mwaka jina lake likachongwa tena kwenye kombe. Unaweza kusema alishinda kwa wepesi kwa sababu wapinzani walikuwa wachache. Ni kweli kwa sehemu. Lakini ni kweli pia kwamba kama si ukaidi wake, pengine kusingekuwa na mashindano ya kushindwa au kushinda.

Wakati huohuo alikuwa bingwa wa biliadi. Mwaka 1928 alikuwa mtu wa kwanza kushika ubingwa wa dunia wa michezo yote miwili. Katika biliadi, hata hivyo, alikutana na mtu aliyemzidi: Walter Lindrum wa Australia. Januari 1932, jijini London, Lindrum alifanya mkupuo wa pointi 4,137 mbele ya Joe. Kwa karibu saa tatu za mchezo Joe alikuwa amekaa kitini, akitazama tu. Mwaka 1933 Lindrum alimshinda kwenye ubingwa wa dunia London. Mwaka uliofuata ubingwa huo wa biliadi ukachezwa ugenini, Melbourne. Joe akasafiri kwa meli hadi Australia na kushindwa tena.

Umahiri wa Lindrum ulikuwa na matokeo ambayo hakuyakusudia. Aliijua biliadi kupita kiasi, hadi utazamaji ukachosha. Mtu mmoja anagusagusa mipira mitatu kwa saa nzima, mwenzake hainuki. Shabiki aliyelipa kiingilio anapiga miayo. Watazamaji wakaanza kupungua, na snuka ikapata nafasi.

Joe akaigeukia snuka kwa nguvu zote. Kabla yake wachezaji wengi waliingiza mpira mmoja au miwili, kisha wakajificha. Joe alileta hesabu ya biliadi: kabla hujapiga mpira huu, ujue mweupe utasimama wapi kwa ajili ya mpira unaofuata, na ule wa baada yake. Mweusi ukawa ndio shabaha, kwa kuwa una pointi nyingi na hurudi palepale. Mwaka 1935 alifanya mkupuo wa kwanza wa zaidi ya pointi 100 katika ubingwa wa dunia, pointi 110.

Mwaka 1936 ndipo alipotikiswa. Katika fainali alikutana na Horace Lindrum, mpwa wa Walter. Horace aliongoza 27 kwa 24, akibakiza fremu chache kuwa bingwa. Joe akashinda fremu 10 mfululizo na kumaliza 34 kwa 27.

Mdogo mtu anabisha hodi

Joe alikuwa na mdogo wake, Fred, aliyezaliwa mwaka 1913. Naye alikulia kwenye familia hiyohiyo ya meza na fimbo, na naye alikuwa na tatizo la macho. Mwaka 1937 Fred aliingia kwenye ubingwa wa dunia kwa mara ya kwanza na kutolewa na Bill Withers wa Wales. Aliyefuata kukutana na Withers alikuwa kaka mtu. Joe alimchapa 30 kwa 1. Fred akatengenezewa miwani maalumu yenye fremu inayoweza kuinamishwa, ili aone vizuri akiwa ameinama mezani, na mchezo wake ukabadilika.

Miaka mitatu baadaye ndugu hao walikutana fainali. Ilikuwa 1940, Uingereza iko vitani. Joe alishinda, lakini matokeo yalikuwa 37 kwa 36. Kila aliyetazama alijua kwamba pengo limekwisha.

Kisha vita ikasimamisha kila kitu. Oktoba 1940 bomu la Wajerumani liliuharibu ukumbi wa Thurston's, ule ambako mechi ya kwanza kabisa ilichezwa. Kuanzia 1941 hadi 1945 hapakuwa na ubingwa.

Mwaka 1946 ulirudi, na ukarudi kwa kishindo. Fainali kati ya Joe na Horace Lindrum ilifanyika kwenye ukumbi mkubwa wa Royal Horticultural Hall, Westminster, London. Ilichukua majuma mawili na fremu 145. Watu waliochoshwa na vita walijaa. Joe, akiwa na miaka 45, alishinda 78 kwa 67. Mchezo uliokataliwa kwa barua mwaka 1924 ulikuwa sasa unajaza ukumbi katikati ya jiji kuu.

Alipoondoka

Miezi michache baadaye, mwaka huohuo wa 1946, Joe Davis alitangaza kwamba hatacheza tena kwenye ubingwa wa dunia. Alikuwa ameshinda mara 15 na hakuwahi kupoteza mechi katika mashindano hayo.

Kama angeweka fimbo kabatini na kwenda kupumzika, huenda mambo yangekuwa mengine. Lakini hakustaafu kucheza. Aliendelea na mashindano mengine na maonyesho kwa miaka 18 zaidi, na bado alikuwa mkali kuliko karibu wote. Katika mashindano mengi aliwapa wapinzani pointi za kuanzia ili mechi ziwe na ushindani. Katika maisha yake yote mtu pekee aliyemshinda snuka bila kupewa pointi za kuanzia ni mdogo wake, Fred, mara nne, na zote baada ya Joe kuacha ubingwa.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya shabiki wa miaka ile. Unaambiwa bingwa wa dunia ni Fred Davis, au Walter Donaldson wa Scotland. Lakini Joe yupo, anacheza, na unaamini angewashinda wengi wao. Je, huyo bingwa ni bingwa wa nani? Kombe likabaki, uzito wake ukaondoka. Fred alishinda ubingwa mara 8 na hadi leo wapo wanaomtaja kwanza kama mdogo wake Joe.

Tena Joe hakuwa mchezaji tu. Ukumbi wa Thurston's ulipotengenezwa na kufunguliwa upya mwaka 1947 kwa jina la Leicester Square Hall, yeye alikuwa miongoni mwa waliousimamia. Alikuwa na sauti kubwa katika chama cha wachezaji wa kulipwa. Alikuwa uso wa mchezo kwenye magazeti na televisheni. Kijana aliyetaka kupanda alilazimika kupita njia ambazo kwa namna moja au nyingine zilipita kwa Joe.

Hatusemi alikuwa na nia mbaya. Alikuwa amekaa miaka 20 akiusukuma mchezo peke yake, na pengine hakujua namna nyingine. Lakini matokeo yalikuwa mazito.

Mwaka 1952 wachezaji na baraza lile la biliadi waligombana, sehemu kubwa kuhusu mgawanyo wa fedha. Wachezaji wakaanzisha ubingwa wao. Ule wa baraza ukabaki na watu wawili tu, Horace Lindrum na Clark McConachy wa New Zealand, na Horace ndiye aliyetoka bingwa. Ubingwa wa wachezaji nao ukadhoofika. Mwaka 1955 ukumbi wa Leicester Square ulifungwa. Mwaka 1957 mashindano yalipelekwa kisiwani Jersey, wakajitokeza wanne, akashinda John Pulman. Baada ya hapo, kimya. Kwa miaka saba dunia haikuwa na ubingwa wa snuka.

Namba 147 na mipira miwili ya ziada

Katikati ya kudidimia huko Joe alifanya jambo ambalo bado linatajwa. Tarehe 22 Januari 1955, kwenye ukumbi wa Leicester Square siku chache za mwisho wa uhai wake, akicheza mechi ya maonyesho na Willie Smith, aliingiza wekundu wote 15 na weusi 15, kisha rangi zote. Pointi 147. Alikuwa na miaka 53. Baraza halikuitambua rekodi hiyo papo hapo, kwa kuwa mechi haikufuata kanuni zake zote. Liliikubali mwaka 1957, na ikaingia kwenye vitabu kuwa 147 ya kwanza rasmi.

Mwaka 1959 alijaribu kuufufua mchezo kwa njia nyingine. Alibuni snuka mpya yenye mipira miwili ya ziada, wa chungwa wenye pointi 8 na wa zambarau wenye pointi 10. Watu waliutazama, wakaupuuza. Tatizo la snuka halikuwa uchache wa mipira. Lilikuwa uchache wa mashindano yenye maana, wa sura mpya na wa mtu wa kuamini kwamba bingwa ni bingwa kweli.

Mwaka 1963 alitunukiwa nishani ya OBE na serikali ya Uingereza, na mwaka 1964 akaacha kucheza hadharani.

Mchezo unajifunza kutembea wenyewe

Angalia mpangilio wa miaka. Mwaka uleule wa 1964 ubingwa wa dunia ulifufuka. Mchezaji kijana, Rex Williams, alilishawishi baraza liuruhusu tena, kwa utaratibu wa mtu mmoja kumpa changamoto bingwa, kama katika ndondi. John Pulman aliulinda ubingwa wake hivyo hadi 1968, na mwaka 1965 baadhi ya mechi zikachezwa Afrika Kusini. Mwaka 1969 ukarudi mfumo wa mtoano, na mwaka huohuo televisheni ya BBC ikaanza kuonyesha snuka kwa rangi. Mchezo ambao mpira wa buluu una pointi tofauti na wa waridi ulikuwa kama umesubiri televisheni ya rangi tangu India.

Ubingwa ukasafiri. Mwishoni mwa 1970 ulichezwa Australia, John Spencer akawa bingwa mjini Sydney. Mwaka 1975 ukarudi Australia, na Ray Reardon wa Wales akamshinda Eddie Charlton, mwenyeji, kwa fremu 31 kwa 30. Mashindano yaliyowahi kuwa mechi moja ya watu wawili Nottingham sasa yalivuka bahari. Mwaka 1977 yakahamia kwenye jumba la maonyesho la Crucible, Sheffield, na hapo yakapata makao.

Kiti cha mtazamaji

Mwaka 1978 Joe Davis alikwenda Crucible. Hakwenda na fimbo. Alikwenda kumtazama mdogo wake. Fred, akiwa na miaka 64, alikuwa amefika nusu fainali ya ubingwa wa dunia dhidi ya Perrie Mans wa Afrika Kusini.

Mechi ilikuwa ya kubanana. Joe, mtu aliyekaa kwa utulivu kumtazama Lindrum akikusanya maelfu ya pointi, safari hii hakuweza kutulia. Akiwa anatazama, afya yake ilimgeuka. Fred alishindwa 18 kwa 16. Joe alifanyiwa upasuaji mkubwa na alionekana kupata nafuu, lakini maambukizi ya kifua yakamshinda. Alifariki dunia tarehe 10 Julai 1978 akiwa na miaka 77.

Aliuacha mchezo ukiwa hai kuliko alivyouacha mwaka 1946. Na safari hii ulikuwa hai bila yeye.

Alichotuachia

Rekodi yake ya ubingwa mara 15 haijafikiwa. Wanaomkaribia katika zama hizi, Stephen Hendry na Ronnie O'Sullivan, wameshinda mara 7 kila mmoja. Ni kweli nyakati ni tofauti. Wao walipita kwenye wapinzani wengi zaidi. Lakini kombe wanalonyanyua ni lilelile lililonunuliwa kwa nusu ya ada za wachezaji 10, lenye yule msichana mchungaji juu. Mwaka 2025 lilinyanyuliwa na Zhao Xintong, Mchina wa kwanza kuwa bingwa wa dunia.

Kipo kitu kingine alichoacha, nacho hakina sauti kubwa. Mwaka 1949 alichapisha kitabu cha kufundisha snuka, akieleza hatua kwa hatua jinsi ya kusimama, kushika fimbo na kupanga mipira. Miaka mingi baadaye baba mmoja jijini London alikitumia kumfundisha mwanawe. Kijana huyo aliitwa Steve Davis. Hawakuwa ndugu, majina tu. Alikuja kuwa bingwa wa dunia mara 6 katika miaka ya 1980.

Sisi tunaoandika haya tunaishi kwenye maeneo yetu na tunaona. Timu ya kijiji inasimama kwa sababu ya mtu mmoja: ananunua jezi, anakodi gari, anapanga kikosi, anamlipa refa. Tunamshukuru, na ni haki kumshukuru, maana bila yeye kusingekuwa na timu. Siku akihama au akichoka, uwanja unaota majani. Si timu tu. Vikundi vya kuweka na kukopa, kwaya, hata kamati za maji.

Joe Davis alikuwa mtu wa namna hiyo. Nguvu zake ziliujenga ubingwa, na nguvu hizohizo zikaufunika. Uliposimama tena, ulisimama kwa mikono mingi: Williams aliyelishawishi baraza, Pulman aliyekubali changamoto, Waaustralia waliokubali kuwa wenyeji. Na Fred, aliyekuwa bado anacheza kwenye umri ambao wenzake wanalea wajukuu.

Kwa hiyo jioni ukipita kwenye senta na kumkuta kijana anamwelekeza mdogo wake namna ya kushika fimbo, usipite haraka. Simama kidogo utazame. Nasi tutaendelea kuwaletea historia za michezo hapa na hewani.